Beseni la Aibu

Mama Buluu alikuwa dobi, na wala hakuwa dobi wa kubahatisha. Shuka likipita mikononi mwake lilirudi jeupe kiasi kwamba mwenyewe aliona haya kulilalia. Jina alilipata kwa ile buluu ya unga anayoitia kwenye maji ya mwisho ili nguo nyeupe isigeuke njano. Ilikuwa imemkaa kwenye kucha miaka na miaka, na hata akivaa nguo ya harusini, kucha zilimsema. Mbele ya mlango wake palikuwa na mabeseni manne. Moja la kufulia, moja la kusuuzia, moja la buluu. La nne lilikuwa jekundu, halikutiwa maji hata tone, na kisa chote hiki ni cha hilo.

Alikaa bondeni, chini kabisa, mahali ambapo maji ya mvua hupita kwanza ndani ya nyumba ndipo yatafute mtaro. Juu, mlimani, walikaa wenye nyua na mbwa. Kati ya huku na huko palikuwa na kichochoro kirefu kilichobana ukuta wa kiwanda kilichokufa, na humo taa za njiani nazo zilikufa, moja baada ya nyingine. Watu wa bondeni walikwenda kulalamika hadi wakachoka. Anayepaswa kuzifufua alikaa mlimani, ambako taa huwaka hata mchana kweupe, jua linazicheka.

Wengi wa watu wa bondeni walikuwa jamii moja. Wazazi wao walihama kutoka mbali wakikimbia ukame, wakaja na urefu wao, weusi wao wa kukoza na lafudhi yao nzito. Wenyeji wakawaita Milingoti. Si jina lao. Lao wanalo, na wanalitamka vizuri sana wakiwa wenyewe kwa wenyewe. Lakini jina la kubandikwa ni kama ubani wa kutafuna uliogandia kwenye nywele, mpaka ukate. Samaki mmoja akioza, wote wameoza: methali hiyo watu wa mlimani waliipenda kupita kiasi. Mlingoti mmoja akiiba kuku, basi wote wezi tangu tumboni. Mtu wa mlimani akifagia benki nzima, ah, huyo ni yeye na shetani wake.

Tena kulikuwa na jambo lingine, nalo lilimkera Mama Buluu kuliko yote. Wanawake wa bondeni waliingia mlimani bila taabu. Waliingia kwa mlango wa nyuma, ndiyo, lakini waliingia: kufua, kupiga deki, kubeba watoto wa watu mgongoni. Wanaume wao hata mlango huo wa nyuma hawakuufikia. Mwanamke mrefu mweusi getini ni mfanyakazi. Ndugu yake, tumbo moja, akisimama hapo hapo, ni mwizi anayepima ukuta. Kwa hiyo asubuhi wanawake walipanda kilima na vifurushi, na wanaume walibaki wamekaa kwenye vizingiti, wakitazama viatu vyao.

Sasa lile beseni. Polisi walikuwa na mazoea ya kushuka bondeni kila kitu kilipopotea mlimani. Walikuja na gari, wanaume wakakimbia, mwenye hatia na asiye na hatia, maana hapakuwa na muda wa kuchambua. Na mwanamume akikutwa na kitu kizuri mkononi, redio, simu, saa, swali lilikuwa moja tu: risiti iko wapi? Nani bondeni ana risiti? Vitu walivinunua mkononi, mtu kwa mtu, kama walivyonunua kila kitu. Baba yake Mama Buluu alinyang'anywa redio namna hiyo na akalala rumande kwa redio aliyoinunua kwa jasho lake. Siku aliporudi, mkewe alikwenda kununua beseni jekundu.

Ndani yake mama huyo alitia nguo za ndani za wanawake, chafu, na vile vitambaa ambavyo mwanamume akiviona hugeuza shingo. Polisi yeyote ana mama yake. Akifika kwenye beseni hilo, mkono unamrudi wenyewe. Basi gari likisikika, mwanamume wa bondeni alimpitia mwanamke yeyote aliye karibu, akatumbukiza alichonacho chini ya zile nguo, akaendelea na mbio. Mwanamke haulizi ni nini, haulizi cha nani. Baadaye mwenyewe atakuja kukichukua na kusema asante. Kila mlango ukawa na beseni lake. Waliliita beseni la aibu, na walilicheka, na liliwaokoa watu wengi ambao hawakuwa wamekosa lolote.

Mama Buluu alilirithi kwa mama yake, pamoja na mdogo wake wa kiume. Mama alipofariki, mdogo huyo alikuwa bado ananing'inia kwenye sketi, na dada ndiye aliyemlea, akamsomesha alipoweza, akampeleka akajifunze kunyoa. Akawa kinyozi, na akajulikana hivyo, Kinyozi. Alikuwa na mkono mwepesi mno. Mteja alilala usingizi kitini. Mzee mmoja mwenye duka la kunyolea mlimani alimpa kazi, na kwa muda dada mtu alitembea kifua mbele. Kisha wateja wakaanza kunong'ona. Hawakuwa na ubaya, walisema, ila wembe wa Mlingoti shingoni, unajua tena. Mzee akamwita Kinyozi pembeni, akamwambia kwa upole kwamba kazi imepungua. Kazi ilikuwa tele. Kinyozi akarudi kizingitini kutazama viatu vyake, na tangu hapo alianza kuitikia kwa mkato na kutoka jioni bila kusema anakwenda wapi.

Mlango wa pili kutoka kwa Mama Buluu alikaa shoga yake, Mshonaji. Hao wawili walikuwa chanda na pete, ingawa kutwa walitaniana.

"Wewe unashona nguo zichafuke, mimi nifue," Mama Buluu alikuwa akimwambia.

"Na wewe unazisugua zichanike, mimi nishone," Mshonaji alijibu. "Mungu katupanga."

Mshonaji alifanya kazi kwenye karakana ya sare za shule upande wa pili wa mlima, na jioni alirudi kwa kile kichochoro, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine ya maana. Mkobani hakukosa mkasi wake mwenyewe, mkubwa, wa chuma, ambao mpini wake aliuzungushia uzi mwekundu usimchubue. Mkasi wa karakana hakuuamini.

Jioni moja mtu alimvamia humo kichochoroni. Alimvuta mkoba, naye Mshonaji, kwa ukaidi wake, hakuuachia. Mtu akamsukuma ukutani, mkono wa kulia ukakunjika vibaya chini yake, mkoba ukaenda. Walipomfikisha hospitali mifupa ya kiganja ilikuwa imevunjika pabaya. Alifungwa plasta, na plasta ilipotolewa vidole viwili vilikataa kukunja. Karakana haikumngoja, kitini pake palishakaliwa na mwingine.

Alikwenda polisi kuripoti. Askari wa kaunta akamuuliza, "Unakaa wapi?" Akasema, bondeni. "Aliyekuibia alikuwaje?" Akasema, mrefu. Askari akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema, "Mama, mmeibiana wenyewe. Mnajuana. Kazungumzeni." Hawakushuka na gari siku hiyo, wala siku iliyofuata. Gari lilikuwa la vitu vya mlimani.

Mama Buluu aliposikia hivyo alitukana matusi ambayo hayaandikiki. Akamfulia shoga yake, akampikia, akamsuka nywele, na kila alipokitazama kile kiganja alimwapiza aliyefanya, yeye na kizazi chake. "Mkono wake nao umkauke," alisema. "Na mama yake aliyemzaa ashuhudie." Mshonaji aliinamisha kichwa tu. "Acha kuapiza watu, shoga," alisema. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Uache mzigo wangu." Mama Buluu aliona ajabu, maana Mshonaji hakuwa mtu wa kusamehe hata inzi.

Haukupita muda, magurudumu ya gari la mtu mkubwa yakafunguliwa usiku huko mlimani, na asubuhi yake polisi wakamwagika bondeni. Wanaume wakatimua mbio. Mama Buluu alikuwa kwenye maji ya buluu, na akamwona mdogo wake anatokea nyuma ya nyumba, kakumbatia kifurushi cha shati. Alikitumbukiza kwenye beseni jekundu, akapotea kati ya nyumba. Dada akakifunika vizuri, kama alivyofanya maisha yake yote, akavuta kigoda na kukaa mbele yake.

Askari kijana alifika akihema, akapiga teke beseni la kusuuzia.

"Humo mna nini?"

"Mashuka ya bosi wako, usiyatie matope," Mama Buluu alimjibu.

"Na hilo jekundu?"

"Hilo ni la mambo ya wanawake, mwanangu. Ingiza mkono ukatafute, lakini ukimaliza usije ukaniomba sabuni."

Askari mwenzake aliangua kicheko. Kijana akaguna, akageuza uso, akaenda mlango wa jirani. Waliondoka na vijana wachache walioshindwa mbio, na vijana hao hawakuwahi kushika gurudumu isipokuwa la toroli. Wanawake walipomaliza kuapa na kulia, wakarudi kwenye kazi zao.

Kinyozi hakuja kukichukua kifurushi. Mchana ukapita. Mama Buluu alipotaka kuyafua hayo ya wanawake, mkono wake ukagusa chuma ndani ya lile shati. Kwa kawaida asingefungua. Beseni la aibu lina adabu zake, na ya kwanza ni kutofungua. Lakini mpini ulikuwa umetokeza kwenye mkunjo wa shati, na ulikuwa umezungushiwa uzi mwekundu.

Alikaa chini, pale pale kwenye tope la sabuni. Aliushika ule mkasi, akautazama uzi ulivyofumwa, akajua hapakuwa na mkasi mwingine wa namna hiyo duniani. Maneno yake mwenyewe yakamrudia moja moja. Amemwapiza nani? Na huyo mama aliyemzaa, ambaye alimtaka ashuhudie, ni mama yake yeye. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Yeye alikuwa amekikalia kigoda na kukilinda kwa ulimi wake, na akamchekesha askari.

Kinyozi alipoingia jioni alikuta mkasi mezani. Hakujaribu kudanganya. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono yake mizuri ile katikati ya magoti.

"Nilikuwa naupeleka kuuza," alisema. "Dada, sikujua ni yeye. Giza lile, huoni hata kiganja chako. Ningejua ni yeye nisingemgusa."

"Kwa hiyo angekuwa mwanamke mwingine ni sawa?"

Kinyozi akautazama mkasi.

"Nijibu. Angekuwa mimi, na khanga nimejitanda kichwani, ungejuaje?"

"Walinifukuza kwa urefu wangu," alisema Kinyozi. "Sikuiba hata kijiti cha kiberiti pale kwa mzee. Walikwisha niita mwizi kabla sijaiba. Nikasema, basi na iwe."

"Mimi nami ni Mlingoti," Mama Buluu alisema. "Wananihesabia vijiko nikitoka jikoni mwao. Lakini sijamvunja mtu mkono. Hasira yako umeibeba kutoka mlimani, umepita nayo mageti yote yale, umekuja kuitua kwa mwanamke wa bondeni, gizani. Mbona hukuitua huko huko?"

Kinyozi akaanza kulia, na dada mtu alitaka kumkumbatia, na alitaka kumchapa kwa ule mwiko wa kukorogea sabuni. Hakufanya lolote. Alimwambia kwamba ataondoka kwa miguu yake aende kwa Mshonaji, apige magoti, na atamtunza kwa kazi ya mikono yake mpaka Mshonaji mwenyewe aseme basi. Asipokwenda kabla mashuka ya juma hili hayajakauka, yeye mwenyewe atamshika mkono ampeleke polisi.

"Sina kazi, nitamtunza kwa nini?" Kinyozi aliuliza. "Ngoja nitafute mashine ya kunyolea. Nikianza kunyoa hapa hapa bondeni, nitakwenda nikiwa na kitu mkononi. Siwezi kwenda mikono mitupu, dada."

Mama Buluu alikwisha sikia ahadi nyingi za kijana huyu. Aliisikia na hii, ikaingia sikio hili ikatokea la pili.

Mkasi aliupeleka mwenyewe. Aliuweka mapajani pa shoga yake. Mshonaji aliupokea kwa mkono wa kushoto, akaupapasa uzi.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Aliponisukuma nilisikia harufu ya ile spiriti anayopaka watu kidevuni. Nikajua. Nikasema, nikimtaja, hawatamchukua yeye peke yake. Watakuja na gari wachukue vijana wote, na wa kwangu ninaowapenda, na wasiojua kitu. Halafu wewe." Alimtazama usoni. "Ningekutajaje wewe, shoga?"

"Umekaa na mimi siku zote hizi, nakusuka nywele, umelibeba hilo?"

"Ningelitua wapi?" Mshonaji aliuliza. "Polisi wamecheka. Kwako siwezi. Sisi wanawake wa huku tunaibiwa, na tunamficha mwizi, na bado asubuhi tunamfulia shati."

Mama Buluu alilia hapo hadi khanga ikalowa. Mficha uchi hazai, watu husema, na bondeni nzima ilikuwa imeficha miaka yote hiyo, kwa sababu nzuri, hadi hakuna aliyejua tena chini ya nguo zile mna redio ya mtu mwema au mkasi wa mwanamke aliyevunjwa mkono.

Mashuka yakakauka. Kinyozi hakwenda kwa Mshonaji. Alitoka alfajiri na kurudi kimyakimya, na kila dada alipomtupia jicho alisema, "Bado kidogo." Mama Buluu akaongeza shuka moja, akaongeza lingine, akijidanganya kwamba kazi ya juma haijaisha. Alichukia kujidanganya huko, na kwa chuki hiyo alipika vibaya, akaunguza kola ya shati la watu kwa pasi, jambo ambalo halijawahi kumtokea.

Ndipo gari likaja tena. Ilikuwa mchana, jua la utosi. Milango ikabamizwa, wanaume wakatoka mbio, na Mama Buluu akamwona mdogo wake anakuja moja kwa moja kwake kutoka upande wa kichochoro, kakumbatia kitu kilichoviringishwa taulo. Alikuwa anatabasamu. Hata katikati ya mbio zile alikuwa anatabasamu, na dada aliliona tabasamu hilo na likamchoma. Akasema moyoni, ameiba tena, na anacheka.

Kinyozi aliinama kwenye beseni jekundu. Mama Buluu akatanguliza mikono yake yenye buluu, akaibana juu ya zile nguo.

"Limejaa," alisema.

"Dada."

"Nimesema limejaa. Nenda nacho."

Kinyozi alibaki ameinama, na taulo lake, na tabasamu lile likimtoka polepole usoni. Muda alioutumia kumtazama dada yake ndio aliohitaji kukimbilia. Mkono wa askari ukamshika ukosi.

Taulo lilipofunguliwa ilitoka mashine ya kunyolea, ya zamani lakini imesafishwa vizuri, waya wake umefungwa kwa uzi.

"Ya nani hii?"

"Yangu. Nimeinunua."

"Risiti?"

Bondeni nzima ilijua jibu la swali hilo. Kinyozi alisema ameinunua kwa yule mzee wa mlimani, aliyekuwa bosi wake, kwa vibarua vya kubeba zege alivyokuwa akivifanya alfajiri. Askari wakatazamana, wakacheka. Kulikuwa na duka la kunyolea lililovunjwa mlimani juma hilo, na mashine zimepotea. Mlingoti, mashine, na mbio. Hapo wakaona wamemaliza kazi.

"Ni yake, afande," Mama Buluu alisema, akisimama, maji yakimchuruzika. "Alinieleza atanunua. Mimi ni dada yake."

"Dada yake," askari alirudia, akimwambia mwenzake. "Ungetaka aseme nini?"

Jioni hiyo hiyo Mama Buluu alipanda kilima hadi kwa mzee yule, kwa mlango wa mbele. Mzee alimkaribisha kiti, akamsikiliza, akasugua kipara chake. "Kweli nilimuuzia," alisema kwa sauti ya chini, akitazama dirishani. "Kijana mzuri. Lakini mama, nikasimame mbele ya watu niseme nafanya biashara na kijana wa bondeni, wakati wenzangu wamevunjiwa? Mimi nina wateja." Mama Buluu alimwomba, kisha akamsihi, kisha akamwambia maneno ambayo mzee wa umri ule hakustahili kuambiwa, au pengine alistahili. Hayakusaidia.

Kinyozi akafungwa kwa kuvunja duka ambalo hakuwahi kulikanyaga. Kuhusu mkono wa Mshonaji, hakuna aliyeuliza, si askari, si hakimu. Kichochoro ni giza mpaka leo. Mlimani walisema mnaona sasa, na gari likaongeza safari zake za bondeni.

Siku ya kumtembelea, Mshonaji alimpigia pasi shati la kumpelekea. Alifanya kwa mkono wa kushoto, pole pole, bila kuombwa, na hakusema ni kwa nini. Mama Buluu akalibeba. Walimkalisha upande wa pili wa wavu, nywele amenyolewa vibaya na mtu asiyejua kazi. Walizungumza habari za mvua na za paa linalovuja. Kisha Kinyozi akaukaribia wavu.

"Dada, nikuulize kitu. Siku ile, beseni lilikuwa limejaa kweli?"

Mama Buluu alizitazama kucha zake. Angeweza kumdanganya, na uongo ungekuwa mwepesi kwa wote wawili.

"Chini ya zile nguo hapakuwa na kitu," alisema. "Lilikuwa tupu."

Kinyozi alitikisa kichwa kuitikia. Akaomba apewe shati.